Kudura, jitihada na afya ya mfugaji wa Habaswein

HABASWEIN, mji ulioko Wajir Kusini kwenye barabara itokayo Modogashe kuelekea Wajir, ulipewa jina lake na vumbi. Kwa Kisomali jina hilo lina maana ya vumbi kubwa, na yeyote aliyepita hapo wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa zaidi. Chini ya ardhi hiyo kavu mna hazina ya maji ya Merti, na jirani yake liko bwawa la Lorian, ambako mto Ewaso Ng'iro kwa kawaida hufikia kikomo chake pasipo kuiona bahari. Mwaka wa neema malisho hutapakaa. Mwaka mbaya hutapakaa mizoga. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na kabla wafugaji hawajajikusanya, mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko ya El Nino.

Katika mazingira ya namna hiyo, swali la iwapo binadamu ana mamlaka juu ya afya yake mwenyewe si la wanafalsafa pekee. Ndilo linaloamua iwapo mtoto atapelekwa kuchanjwa, iwapo maziwa ya ngamia yatachemshwa kabla ya kunywewa, na iwapo mama aliyeshikwa na uchungu usiku atapakiwa garini au atasubiri kuche.

Kiswahili kina jibu moja la kale: jitihada haiondoi kudura. Kina na jibu la pili: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wasemaji huzitumia methali zote mbili, pengine mtu yule yule kwa siku moja, wala hawaoni mgongano wowote. Wanasaikolojia wa Magharibi, wenye vipimo na takwimu, waliitumia sehemu kubwa ya karne ya 20 kufikia mahali hapo hapo.

Kipimo cha imani

Aliyeanzisha mjadala huo kitaaluma ni Mmarekani Julian Rotter, ambaye nadharia yake ya kujifunza katika jamii ilitoka mwaka 1954, na mwaka 1966 akachapisha kipimo kilichomletea sifa. Rotter aliwagawa watu kulingana na mahali wanapokiona kitovu cha udhibiti wa maisha yao. Wapo wanaoamini kwamba yanayowapata yatokana na matendo yao wenyewe. Wapo wengine wanaoamini kwamba yatokana na nguvu zilizo nje yao, kama vile bahati, majaliwa au wakubwa.

Mwaka 1976 Barbara na Kenneth Wallston pamoja na wenzao waliihamishia fikra hiyo katika afya. Miaka miwili baadaye, wakiwa na Robert DeVellis, waligundua kwamba mgawanyo wa pande mbili hautoshi. Mtu aweza kuamini kwamba afya yake imo mikononi mwake, aweza kuamini kwamba imo mikononi mwa watu wenye uwezo kama daktari na jamaa, na aweza kuamini kwamba ni bahati tu. Imani hizo tatu hazifukuzani. Mtu mmoja aweza kuwa nazo zote kwa viwango mbalimbali. Kitu kilichosahauliwa, na ambacho mkazi yeyote wa Wajir angekitaja kwanza, kiliongezwa mwaka 1999: kipimo cha imani kwamba afya imo mikononi mwa Mungu. Kumbe ilihitajika miaka zaidi ya 20 kulikumbuka jina hilo.

Je, imani hizi zinabadili mazoea? Utafiti wa Waingereza Andrew Steptoe na Jane Wardle, uliochapishwa mwaka 2001 na kuwahusisha wanafunzi zaidi ya 7,000 wa vyuo vikuu katika nchi 18 za Ulaya, ulionyesha kwamba ndiyo. Walioamini kuwa afya yao inawategemea wao wenyewe walikuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kufuata mazoea bora. Walioamini sana bahati walikuwa na mwelekeo mdogo. Hata hivyo ni vyema kukumbuka waliohojiwa ni akina nani. Ni vijana wenye elimu, wanaoishi katika miji yenye maji ya mfereji, maduka ya matunda na zahanati zilizo karibu. Kijana wa namna hiyo akiamini kwamba anaweza, kwa kawaida huwa kweli anaweza.

Albert Bandura, katika makala yake ya mwaka 1977, alikuwa amekwisha kutoa tahadhari kuhusu jambo hili. Alitofautisha kuamini kwamba tendo fulani huleta tokeo fulani, na kuamini kwamba wewe mwenyewe unao uwezo wa kulitenda. Mama aweza kujua vizuri kabisa kwamba maji yaliyochemshwa hayaleti ugonjwa, na bado asichemshe kwa sababu kuni ziko mbali na watoto wana kiu sasa hivi. Kumhubiria tena kuhusu vijidudu ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Mfugaji na mifugo yake

Maelezo mengi kuhusu watu wa kaskazini mashariki hukimbilia kusema kwamba wao huliachia kila jambo majaliwa. Madai hayo ni ya haraka mno. Anayetaka kuyapima na awatazame wanapoishughulikia mifugo.

Mfugaji hulitenga kundi dhaifu na lenye nguvu, humweka kando mnyama mgonjwa, hukwepa malisho yenye kupe au mbung'o, na huligawa kundi lake kwa jamaa walioko mbali ili ugonjwa mmoja au ukame mmoja usimfilisi. Hiyo ni kinga kwa maana kamili ya neno. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwishoni mwa 2006 na kuendelea hadi 2007, ambapo Kenya iliripoti wagonjwa 684 na vifo 155, Garissa ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi, wafugaji Wasomali walikuwa wamekwisha kuziona dalili: mvua isiyo ya kawaida, makundi ya mbu, wanyama wanaoharibu mimba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulithibitisha kwamba waliutambua ugonjwa huo kwa usahihi. Walikuwa na jina lake, sandik, yaani damu ya puani. Si ajabu, kwa maana walikuwa wameonja uchungu wake mwaka 1997 na 1998, wakati mafuriko yalipoleta mlipuko ambao watafiti walikadiria uliwaambukiza watu wapatao 27,500 katika wilaya ya Garissa ya wakati huo.

Kwa hiyo mtu yule yule anayesema kwamba homa yake mwenyewe ni amri ya Mungu hasemi hivyo juu ya mbuzi wake bila kwanza kufanya kila awezalo. Tofauti haiko katika imani ya dini, kwa kuwa Mungu wa mbuzi na wa binadamu ni mmoja. Iko katika maarifa na zana. Juu ya mifugo ana elimu aliyorithi kwa vizazi, ana uamuzi, na matokeo ya uamuzi wake huyaona kwa macho. Juu ya mwili wake, elimu iko kwa daktari, dawa iko mjini, na matokeo huja baada ya miaka.

Yapo na mazoea ambayo elimu ya mifugo yenyewe haikuyafikia. Kunywa maziwa mabichi ni mojawapo, na hiyo ndiyo njia kubwa ya ugonjwa wa bruselosisi kutoka kwa ngamia, mbuzi na ng'ombe hadi kwa binadamu. Mnyama huharibu mimba. Binadamu hupata homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo na uchovu wa miezi, ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Kwa wengi, maziwa yaliyochemshwa ni maziwa yaliyopotezewa ladha na nguvu. Hapa mfugaji hakosi imani kwamba anaweza kujikinga. Anachokosa ni sababu ya kuyashuku maziwa.

Mabonde mawili

Karibu wakazi wote wa Wajir ni Waislamu, na neno qadar, yaani makadirio ya Mungu, limo katika nguzo za imani yao. Lakini mapokeo hayo hayo yana mfano ambao wahudumu wa afya wangeutumia zaidi kama wangeujua. Katika karne ya 7, Khalifa Umar bin Khattab alikuwa safarini kuelekea Sham alipofika Sargh na kupata habari kwamba tauni imezuka huko mbele. Baada ya kushauriana, aliamua kurudi. Abu Ubayda akamhoji iwapo anaikimbia kudura ya Mungu. Umar akajibu kwamba anakimbia kutoka kudura moja kwenda kudura nyingine, kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyefika penye bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na mwingine ni mkavu: kokote atakakolisha, atakuwa amelisha kwa kudura ya Mungu.

Hakuna mfano unaomfaa mfugaji wa Lorian kuliko huo. Hali kadhalika inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume iwapo amfunge ngamia wake na kutegemea Mungu, au amwache na kutegemea Mungu, naye akaamriwa afunge kwanza. Kwa mtazamo huu, imani ya kudura na mazoea ya kujikinga si maadui. Ugonjwa wa polio ulipozuka Dadaab mwezi Mei 2013, ukawapata watu 14 nchini Kenya mwaka huo, kampeni za chanjo zilihitaji masheikh na maimamu kama zilivyohitaji masanduku ya barafu.

Makambi ya Wajir

Mfano mkubwa wa kaskazini mashariki katika mambo haya haukuanzia kwa wanasaikolojia. Ulianzia kwa mwanamke Mtaliano, Annalena Tonelli, mwanasheria kwa mafunzo yake ya kwanza, aliyefika Kenya mwaka 1969 na kufundisha shule Wajir. Aliwakuta Wasomali wakifa kwa kifua kikuu, ugonjwa uliohesabiwa kuwa laana na aibu, ambao familia ziliuficha ili mabinti wasikose wachumba.

Majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki na kuchapishwa mwaka 1972 yalikuwa yameonyesha kwamba dawa mpya zaweza kuuponya ugonjwa huo kwa miezi sita, pale ambapo hapo awali ilihitajika mwaka mmoja na zaidi. Lakini miezi sita ni mingi kwa anayehamahama. Mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki chache, mvua hunyesha kwingine, naye huondoka na kundi lake huku vijidudu vikiwa bado mwilini. Daktari wa mjini angeandika kwamba mgonjwa huyo ni mzembe, au kwamba anaamini mno majaliwa.

Mwaka 1976 Tonelli, katika mradi wa majaribio uliolihusisha Shirika la Afya Duniani, alifanya jambo jingine. Aliwaalika wahamaji waje na vibanda vyao, wavisimike karibu na kituo chake, wakae kama wanavyokaa kwao, wapewe dawa kila siku mbele ya macho ya mhudumu hadi wapone. Mahali hapo pakajulikana kama manyatta ya kifua kikuu. Mgonjwa hakutakiwa aache kuwa mhamaji. Alimwona jirani yake aliyeletwa akiwa amebebwa akiondoka kwa miguu yake. Katika lugha ya Bandura, huko kumwona mwenzako akifaulu ni chemchemi kubwa ya imani ya mtu katika uwezo wake. Wapo wataalamu wanaouhesabu utaratibu huo wa Wajir miongoni mwa vitangulizi vya mpango wa dawa chini ya uangalizi, ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza ulimwenguni katika miaka ya 1990.

Tonelli hakudumu Wajir. Mauaji ya Wagalla yalipotokea Februari 1984, alisaidia majeruhi na kutoa habari za maiti, na mwaka 1985 akalazimika kuondoka Kenya. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa huduma zake kwa wakimbizi, na Oktoba 5 mwaka huo huo akauawa kwa risasi Borama, katika hospitali aliyoianzisha.

Kumbukumbu hiyo ya Wagalla haiko nje ya mada. Eneo hili liliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991. Watu ambao kwa kizazi kizima waliamuliwa na wengine mahali pa kwenda, wakati wa kutoka nje na kitambulisho cha kubeba, hawakujifunza katika vitabu kwamba mamlaka juu ya maisha yao yako kwingine.

Anayeamua ni nani

Kipimo cha Wallston kinapotaja watu wenye uwezo, aghalabu kinamaanisha daktari. Katika boma la Wajir Kusini, mwenye uwezo ni mume, mama mkwe au mzee wa ukoo. Uzazi ndipo jambo hili linapogharimu maisha. Takwimu zilizotokana na sensa ya 2009 zilikadiria kwamba Wajir ilipoteza akina mama 1,683 katika kila vizazi hai 100,000, na Mandera 3,795, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa 495. Kufikia uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2014, mwaka mmoja baada ya serikali kuondoa ada za uzazi, watoto 61 kati ya 100 walizaliwa hospitalini Kenya nzima; Wajir hawakufika 20.

Mwaka 1994 wataalamu Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama mjamzito huuawa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Imani huhusika zaidi na ule wa kwanza. Lakini huo wa kwanza nao hulishwa na hizo mbili za nyuma. Familia inayojua kwamba gari halipatikani, kwamba barabara hukatika wakati wa mvua, na kwamba mkunga wa hospitali ni mwanamume asiyejua Kisomali, ina sababu zake za kukawia kuamua. Na pale upasuaji unapohitajika huku saini ikingojewa ya mume aliye malishoni, kumwambia mama kwamba afya yake imo mikononi mwake ni karibu na dhihaka.

Imani kubwa, habari mbaya

Ipo dhana kwamba kila anayeamini kuwa na mamlaka juu ya afya atafuata mazoea bora. Wasomali wa Minnesota, Marekani, ambao wengi wao walipitia Dadaab, wanaonyesha kinyume. Mwaka 2004 watoto wa jamii hiyo waliochanjwa surua walikuwa asilimia 92. Kufikia 2014 walishuka hadi 42. Hawakuwa wameliachia jambo hilo kudura. Kinyume chake, wazazi walikuwa wakijitahidi kuwakinga watoto wao na usonji, kwa sababu walikuwa wameambiwa kwamba chanjo ndiyo inayouleta. Madai hayo yalitokana na makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na Wakefield mwenyewe alizuru Minneapolis kuzungumza na wazazi hao. Surua ilizuka mwaka 2011, ikazuka tena 2017 na kuwapata watu 75, wengi wao watoto wa Kisomali.

Magonjwa yasiyo na homa

Mashaka mapya ya Habaswein ni ya polepole. Mfugaji aliyepoteza mifugo yake huhamia kandokando ya mji, huacha kutembea mwendo mrefu, maziwa hupungua na chai yenye sukari nyingi, wali na tambi huongezeka. Miraa inayoletwa kutoka Meru huua hamu ya chakula na usingizi na kupandisha mapigo ya moyo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya Wakenya watu wazima wana shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima wote walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Asilimia 94 hawakula matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa. Mtu na ajiulize hesabu hiyo ingekuwaje mahali ambapo sukumawiki husafiri kwa lori kutwa nzima.

Ugonjwa usioumiza ni mgumu kuuamini. Hapa ndipo umuhimu wa wahamasishaji wa afya ya jamii unapoonekana, ambao zaidi ya 100,000 walizinduliwa nchini Septemba 2023 wakiwa na mikoba yenye mashine za kupima shinikizo la damu na sukari. Mtu anayeonyeshwa tarakimu yake mlangoni pake, na kuonyeshwa tena mwezi ufuatao baada ya kupunguza sukari kwenye chai, anapata kitu alichokuwa nacho mfugaji juu ya mbuzi wake: tokeo analoweza kuliona. Sharti ni kwamba mashine iwe na betri, na anayekutwa na tatizo apate dawa zahanati.

Katika mji wa Wajir wenyewe, maji ya ardhini yako juu sana hivi kwamba vyoo vya shimo huchafua visima, na kwa miaka mingi wakazi wametumia vyoo vya ndoo. Kipindupindu kilichoanza mwaka 2015 kiliendelea hadi mwaka uliofuata. Mkazi aweza kunawa mikono kila mara kama alivyofundishwa, akiamini kwa moyo wote kwamba anajikinga, kwa maji yaliyotekwa kisimani hatua chache kutoka choo cha jirani. Mfereji wa majitaka hauchimbwi na mtu mmoja.